Naombeni ushauri: niende fildi Uyole au nisubiri nafasi ya risachi Marekani?

Binti_Bulongwa:
Habari zenu wakuu. Mimi nasoma digrii ya hisabati mwaka wa pili, chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini, naombeni mawazo maana hapa nilipo hata kula sili vizuri. Mambo mawili yamegongana. La kwanza nimepata fildi TARI Uyole, kile kituo cha utafiti wa kilimo Mbeya, barua ya kunipokea ninayo, ni kuanzia mwezi wa saba, hakuna posho, nauli na chakula juu yangu. La pili kuna programu Marekani za wanafunzi wa digrii ya kwanza kufanya risachi wakati wa likizo, wiki 8 mpaka 10, unalipwa na pa kulala unapewa, na wanatafuta hasa mabinti wa makundi madogo kwenye sayansi na hesabu. Mimi ni Mkinga wa Makete na darasani mabinti tunahesabika kwa vidole, kwa hiyo vigezo naona nimetimiza. Nichague lipi? Msinitukane tafadhali, muda ni mdogo.

Mzee wa Kabwe:
Wakinga ni kundi dogo? Binti yangu shuka Kariakoo ukahesabu maduka kwanza halafu urudi hapa. Nyie mkiwa kundi dogo sisi Wamalila tujiite nini. Ngoja waje wataalamu, mimi nimekaa paleee.

Mama Nasra:
Mwanangu fildi ya mkononi usiiache. Watoto wa siku hizi mkisikia Marekani akili zinahama, mtu hajawahi hata kuvuka Makambako anaota ndege. Mdogo wangu aliacha kazi ya ualimu Njombe kisa kuna mtu kamwahidi Kanada, huu mwaka wa ngapi yupo nyumbani anafuga kuku, na kuku wenyewe walikufa kwa kideri. Muombe Mungu akuongoze. Wazazi wanasemaje?

Ngosha_wa_Chunya:
Mimi nakupa hongera tu kwa kusoma hesabu kwa hiari yako. Mimi hesabu ilinifukuza mapema sana, mwalimu alikuwa anauliza swali anasimama nyuma yako na fimbo, hata ukijua jibu linayeyuka. Sasa hivi nina duka la vipuri na hakuna mtu ananiibia chenji, sijui hiyo nayo tuiiteje.

Nyota_ya_Kihesa:
Mdogo wangu ngoja nikuulize kabla sijakujibu. Hiyo programu inaitwaje, umeomba mwenyewe au kuna mtu kakuombea? Na jibu umepata au bado?

Binti_Bulongwa:
Asante dada. Bado sijapata jibu la mwisho ila wamesema nipo kwenye hatua nzuri. Kuna broo mmoja anashughulika na hizi mambo ndiye ananisaidia, ni mtu anayeaminika, amepeleka wengi. Swali langu lilikuwa fildi au Marekani jamani, turudi hapo.

Kiazi Mviringo:
Mimi nijibu upande wa Uyole maana nimefanya kazi ya kibarua cha utafiti wa viazi kule kusini misimu kadhaa. Watu wanadhani fildi ya kilimo ni kushika jembe. Chukua ule ugonjwa wa viazi wa baka jani, kimelea chake kinaitwa Phytophthora infestans, baridi ikikutana na unyevu shamba linaungua ndani ya siku chache kama limemwagiwa maji ya moto. Kazi yetu ilikuwa kupita mstari kwa mstari kila wiki unakadiria asilimia ya majani yaliyoungua kwenye kila ploti. Tuseme ploti ya kwanza imesoma 0, 10, 40, 80. Ya pili 0, 0, 10, 20. Unachora, halafu unatafuta eneo chini ya mchoro kwa trapezia zile zile za Advance, kila pengo ni siku saba, ya kwanza inatoka 630, ya pili 140. Hapo ndipo unajua mbegu ipi inavumilia, siyo kwa kuangalia siku ya mwisho peke yake, maana mbegu mbili zinaweza kuishia pamoja kwenye 80 ila moja imechelewa kuungua na mkulima akawahi kuvuna kitu.

Sasa mwezi wa saba mvua hakuna na ugonjwa unakuwa mdogo, kwa hiyo usitegemee sana kupita shambani. Lakini data za misimu iliyopita huwa zimelala kwenye madaftari na kompyuta zikisubiri mtu anayejua hesabu azioanishe na mvua na joto atengeneze modeli. Hiyo ndiyo risachi yenyewe. Ukiomba supavaiza akupe hizo badala ya kukutuma kupiga fotokopi unaweza kutoka na kitu cha kuandikia projekti ya mwaka wa mwisho. Beba sweta, lile la Makete litakufaa.

Nyota_ya_Kihesa:
Kiazi umesema vizuri. Binti, hujanijibu. Huyo broo umemlipa?

Binti_Bulongwa:
Ni ada ya maombi tu dada. Laki nne na nusu. Nilitoa kwenye bumu na nyingine mama alichukua vikoba. Lakini kila kitu kizuri kina gharama, hata pasi unailipia. Na siyo kwamba nimekimbilia, nilifikiria sana.

Mzee wa Kabwe:
Vikoba tena. Eeh Mungu wangu.

Nyota_ya_Kihesa:
Sikia mdogo wangu, sikufokei. Hizo programu zipo kweli. Nyingi zinaitwa REU, zinalipiwa na mfuko wa sayansi wa serikali yao, NSF. Mwanafunzi analipwa yeye, halafu wewe umeanza kwa kulipa! Na pesa ya NSF kule ni kwa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Chache zinapata pesa pembeni zikachukua wageni, na hao mara nyingi ni wanaosoma tayari vyuo vya huko. Halafu nyingi zinafunga maombi kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, sasa hivi tupo wa tano, hiyo hatua nzuri ni hatua gani?

Na ile habari ya makundi madogo ina historia yake kule kule. Mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata PhD ya hesabu, Euphemia Haynes, alipata 1943, na baada yake milango haikufunguka kwa kasi. Ndiyo maana mtu kama Sylvia Bozeman na mwenzake Rhonda Hughes wakaanzisha EDGE mwaka 1998 kuwasaidia mabinti wanaoingia masomo ya juu ya hesabu wasiachie njiani. Ni deni la kwao wanalilipa kwa watu wao. Sasa niambie, kwenye fomu pale pa uraia huyo broo alijaza nini?

Binti_Bulongwa:
Aliniambia nitiki mkaazi wa kudumu kwa sababu ni utaratibu tu, wakishanichagua wanabadilisha. Na mimi nilimuuliza mara mbili akasema wote wanafanya hivyo. Sasa dada wewe unaongea kwa sababu umeshafika, sisi wa huku tusipojaribu nani atatuona? Darasani lekchara akiuliza swali anawaangalia wavulana. Kikundi cha modeli kiliundwa wakaniambia niwe mwandishi wa mihtasari.

Ngosha_wa_Chunya:
Mwandishi wa mihtasari 😂 samahani nimecheka ila inauma.

Mkosoaji Mkuu:
Wakuu hamjashtuka tu? Hii ni chai. ID ina wiki mbili, anataja pesa, anataja broo anayeaminika amepeleka wengi, kesho mtaona watu wanamfuata PM anawapa namba. Huyu ndiye dalali mwenyewe anatangaza biashara kwa kujifanya mteja. Mtu anayesoma hesabu chuo hawezi kushindwa kujua ukaazi wa kudumu ni nini.

Mama Nasra:
Mimi nilihisi tangu mwanzo. Lugha imenyooka mno.

Mzee wa Kabwe:
Apimwe basi. Mkosoaji muulize swali la hesabu.

Mkosoaji Mkuu:
Haya. 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea. Namba zinazidi kuwa ndogo. Jumla inafika kikomo au haifiki, na kwa nini? Bila gugo.

Binti_Bulongwa:
Haifiki. Panga kwa mafungu. 1/3 na 1/4 zinazidi nusu kwa sababu kila moja si chini ya 1/4. Kuanzia 1/5 mpaka 1/8 ni nne, kila moja si chini ya 1/8, zinazidi nusu. 1/9 mpaka 1/16 hivyo hivyo. Nusu zinaendelea kuja bila mwisho ila zinachelewa sana, ndiyo maana ukijumlisha kwa kikokotoo unadhani imesimama. Mimi siyo dalali. Mnaniumiza.

Mkosoaji Mkuu:
Hata dalali anaweza kuwa na digrii.

Kiazi Mviringo:
Mkosoaji acha. Hilo la kuchelewa halitoki kwa mtu aliyekariri.

Fursa_Ughaibuni:
Hao jamaa ni wa kweli mimi wamenipeleka mwaka jana nipo huku nafurahia maisha. Dada usikatishwe tamaa na wivu wa watu. Mwenye uhitaji aje PM.

Mzee wa Kabwe:
ID imefunguliwa leo saa tano asubuhi. Karibu sana broo.

Mkosoaji Mkuu:
Mods njooni hapa. Na binti naomba nirudishe maneno yangu nusu.

Nyota_ya_Kihesa:
Binti huyo ndiye mtu wako. Ile tiki ukienda nayo ubalozini ikagundulika umedanganya kwenye viza unaweza kufungiwa kabisa, yeye atakuwa ameshabadili laini. Kama unataka nje kwa haki, mwaka wa tatu jaribu CERN, ile maabara ya fizikia ya Ulaya, programu yao ya likizo inachukua hata wa nchi zisizo wanachama, na chuo cha sayansi cha OIST Japani wanachukua watu wa nchi yoyote, nauli na malazi wanalipa wao. Ukimaliza digrii kuna AIMS Kigali, taasisi ya hesabu ya Afrika, masta ya hesabu imelipiwa, mimi nimepita hapo. Na Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata PhD ya hesabu, alianzia Dar akaenda kuichukua Berlin. Ila kwa barua ya kukutambulisha wote hao wataangalia umewahi kufanya nini, hapo ndipo madaftari ya Uyole yanapoingia. Umeshawajibu Uyole?

Binti_Bulongwa:
Niliwapigia Jumatatu nikasema naahirisha. Broo alisema nisishike mambo mawili.

Kiazi Mviringo:
Haya. Usipige tena simu. Kesho asubuhi panda daladala nenda mwenyewe na ile barua, waambie ratiba ilibadilika unaomba nafasi yako kama haijajazwa. Ukifika omba kuonana na mtu wa viazi, siyo masijala tu.

Nyota_ya_Kihesa:
Na huyo mtu ulimpa nakala gani?

Binti_Bulongwa:
NIDA na cheti cha kuzaliwa. Pasipoti alisema ataniombea yeye, laki mbili na themanini, nilikuwa nimpe Ijumaa.

Nyota_ya_Kihesa:
Usimpe hata mia. Pasipoti unajaza mwenyewe kwenye mtandao wa Uhamiaji, ada ni 150,000, unalipa kwa kontroo namba. Meseji zote za miamala usifute, piga skrini shoti mazungumzo yenu kabla hajakublok, peleka polisi pamoja na namba yake. Mama yako ajue leo, siyo siku ya rejesho.

Binti_Bulongwa:
Mama yupo sokoni mpaka saa moja. Nikimpigia nianze na lipi?

Mama Nasra:
Anza na shikamoo.