Naomba ushauri: nakisi ya serikali katika modeli ya uchumi usiokua
Ndugu wachumi, ninaandika tasnifu kuhusu modeli ya EUROGREEN, iliyochapishwa mwaka 2020, inayoiga kwa kompyuta mwenendo wa uchumi wa Ufaransa hadi 2050. Katika njia yake ya kupunguza uchumi kwa makusudi, saa za kazi na matumizi ya kaya vinashuka huku serikali ikiwahakikishia watu ajira. Hewa ya ukaa na pengo la kipato vinapungua, lakini nakisi ya bajeti, yaani matumizi ya serikali yanayozidi mapato yake, inapanda. Hapo ndipo nilipokwama. Katika jedwali langu dogo, kila ninaposhusha wiki ya kazi kutoka saa 35 hadi 30, makusanyo ya kodi yanaporomoka na deni linavimba. Je, nipandishe kodi ya mali, au nirekebishe kwanza ukokotoaji wa riba ya deni hilo, ambao kwa kweli ninautilia shaka zaidi? Aliyewahi kujenga modeli ya namna hii anielekeze, tafadhali.