Sanaa ya upishi au masomo ya chakula: tofauti iko wapi?

mdadisi: Habari wakuu. Naomba chuo na nimekwama kati ya shahada ya sanaa ya upishi na ya masomo ya chakula. Vipeperushi vyake vinafanana mno. Darasani tofauti iko wapi? Na hesabu ni nyingi? Huwa zinanisumbua.

mpishi_mkufunzi: Mkuu, usiangalie jina la kozi. Omba orodha ya masomo na saa za vitendo. Kozi nzuri ya upishi inakuingiza jikoni mwaka wa kwanza na ina mafunzo kazini ya miezi kadhaa. Uliza pia wanafunzi wangapi wanatumia jiko moja. Wakiwa wanne, wawili watakuwa watazamaji.

Hesabu huzikwepi. Umenunua karoti kilo 10 kwa 100 kila kilo, ukamenya, zikabaki kilo 8. Kilo inayoingia sufuriani imekugharimu 125, maana unagawa 100 kwa 0.8. Wengi wanaongeza asilimia 20 juu ya 100 wanapata 120, na sahani inauzwa kwa hasara bila mtu kujua.

Somo la usalama wa chakula nalo si la kubeza. Supu ya mifupa lita 20 ukiiacha kwenye sufuria lake, pembeni inapoa lakini katikati inabaki vuguvugu kwa saa nyingi, bakteria wanazaliana. Kanuni ya Marekani inataka ishuke kutoka nyuzi 57 za Selsiasi hadi 21 ndani ya saa 2, na ifike 5 ndani ya saa 6 kwa jumla. Igawe kwenye trei zisizo na kina, zikalie barafu, ukoroge.

uwandani: Masomo ya chakula ni historia, anthropolojia, uchumi na sera. Chuo Kikuu cha New York kilianza programu yake 1996, na cha Pollenzo, Italia, kilifunguliwa 2004 kwa ajili ya fani hii. Utasoma sana, utaandika sana, na utafanya utafiti.

Mfano ni mahojiano ya ulaji wa saa 24, yaani mtu anakutajia kila alichokula na kunywa siku iliyopita. Ukimuuliza mtu "asubuhi ulikunywa chai?" umeshampa jibu. Mwache ataje mwenyewe tangu alipoamka, kisha rudi mwanzo umuulize mafuta, sukari na vya kutafuna njiani, kwa sababu ndivyo vinavyosahaulika. Vipimo avioneshe kwa bakuli na kijiko. "Kidogo" ya kila mtu ni tofauti. Majibu hayo unayachambua kwa takwimu, kwa hiyo hesabu ziko huku pia.

mdadisi: Asanteni sana. Na sayansi ya chakula?

mpishi_mkufunzi: Hiyo ni ya maabara: kemia, mikrobiolojia na uhandisi. Utajifunza, kwa mfano, kwa nini chakula cha kopo chenye pH (kipimo cha uchachu; ikiwa juu, uchachu ni mdogo) zaidi ya 4.6 lazima kipikwe kwa shinikizo: mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua, hazifi kwa maji yanayochemka tu. Kama kemia ya sekondari ilikushinda, irudie kwanza kabla hujaomba.