Kuacha vyote kwa mpigo, kutoa kimoja kimoja, au kupima damu: ipi iliwasaidia?

TumboMoto (mleta mada)
Wakuu, salaam. Huu ni mwezi wa tano mfululizo tumbo halinipi raha: linajaa, linaunguruma, siku nyingine naharisha. Nashuku maziwa na mkate, ila sijui ni kipi, au ni vyote viwili. Mmoja kanishauri niache kila kinachoshukiwa kwa mpigo, halafu nivirudishe pole pole. Mwingine anasema nitoe kimoja kimoja huku naandika. Wa tatu ananisukuma nikapime damu, kile kipimo kinachotoa majibu ya vyakula zaidi ya mia. Aliyepita njia mojawapo anieleze, hata kama ilimshinda.

MamaMapacha
Kaka, kabla ya yote nijibu hili: ukishakula, umewahi kuvimba midomo, kutoka mabaka yanayowasha au kubanwa kifua? Kama ndiyo, usijaribu chochote mwenyewe, nenda kwa daktari.

Nasema hivi kwa sababu mmoja wa mapacha wangu ana mzio wa maziwa. Kijiko kimoja tu, dakika hazikufika kumi, uso ukawa umefura. Leo sindano ya adrenalini haitoki kwenye mkoba wangu. Mzio ni kinga ya mwili kuishambulia protini ya chakula. Kutovumilia laktosi ni jambo jingine kabisa: kimeng'enya cha laktasi ni kichache, laktosi, yaani sukari ya maziwa, inafika utumbo mpana bila kumeng'enywa, bakteria wanaichachusha, ndipo gesi inapotoka. Ndiyo maana maziwa yaliyoondolewa laktosi yanaweza kukufaa wewe, lakini mwanangu yatamdhuru vilevile, protini imo yote. Na wale wa "mpe ya mbuzi", tafadhalini. Protini za maziwa ya mbuzi na ya ng'ombe zinafanana kiasi kwamba karibu kila mtoto mwenye mzio wa haya anadhurika na yale.

TumboMoto
Hapana dada, hayo sijawahi kuyaona. Ni tumbo tu, saa moja au mbili baada ya kula.

Daftari_Langu
Basi mimi nasimama na kimoja kimoja. Wiki mbili bila maziwa, kisha nikayarudisha makusudi na kutazama. Daftari lilikuwa na saa, chakula, kiasi, dalili, na jinsi nilivyolala, maana siku za mawazo tumbo huchafuka hata kwa maji.

Bila daftari nisingejua kwamba si maziwa yote yananidhuru. Glasi nzima asubuhi tumbo likiwa tupu, nimekwisha. Nusu glasi katikati ya mlo, salama. Mtindi hausumbui kwa sababu bakteria wake husaidia kumeng'enya laktosi, na jibini gumu lililokaa muda mrefu halina laktosi ya kutisha. Baadaye nilikuja kusoma kwamba wengi wenye hali hii huvumilia hata gramu 12 za laktosi kwa mkupuo mmoja, yaani kama glasi moja ya maziwa, hasa pamoja na chakula. Ningekuwa nimeacha maziwa maisha yangu yote bure, na kalisi ningeitafuta wapi?

Ubaya wake nausema pia. Wakosaji wakiwa wawili, ukimtoa mmoja bado unaumwa, unahitimisha kwamba hakuwa yeye, unamrudisha. Hapo nilipoteza miezi mitatu.

MlaTaratibu
Hapo kwenye wakosaji wawili ndipo mimi nilipoikimbia hiyo njia. Nilifuata mlo wa FODMAP, ule uliofanyiwa utafiti Monash University kule Australia. Unatoa kwa pamoja sukari zinazochachuka tumboni: laktosi, fruktani za ngano, kitunguu na kitunguu saumu, za maharage, baadhi ya matunda. Wiki mbili hadi sita tu. Halafu unarudisha kundi moja moja, siku tatu, kiasi kikipanda kila siku.

Kwangu maziwa hayakuwa na hatia. Alikuwa kitunguu! Na mkate ulinisumbua kwa fruktani, wala si gluteni, ile protini ya ngano niliyoilaani miaka miwili.

Ila sikudanganyi, ni kazi. Ukialikwa mahali, mwenyeji anadhani unamdharau. Na wengi hukwama hatua ya kwanza: tumbo limetulia, wanaogopa kurudisha, wanakula vyakula vilevile sita mpaka wanakonda. Mimi nilikonda, mpaka mtaalamu wa lishe akanilazimisha kusonga mbele. Bila mtaalamu sikushauri.

Nilichanjwa_Mfuko
Nije na habari za damu. Nililipa, nikaletewa karatasi yenye vyakula 31 vya rangi nyekundu. Vyote ni vile ninavyokula kila siku! Kumbe kinapimwa kingamwili cha IgG, ambacho mwili hutengeneza kwa kawaida ukikutana na chakula. Jumuiya ya wataalamu wa mzio ya Ulaya ilishatamka mwaka 2008 kwamba kipimo hicho hakifai kutambua chakula kinachokudhuru. Nimeacha mayai miezi minane kwa ajili ya karatasi ile.

MamaMapacha
Pole. Wasichanganye na IgE lakini, hicho ndicho cha mzio. Na hata hicho daktari hakisomi peke yake, anauliza kwanza nini kilitokea mtoto alipokula.

Muuguzi_Mstaafu
Wanangu, mmeongea vizuri ila kuna jambo mmeliruka. TumboMoto, usiuache mkate huo kwanza, endelea kuula. Ugonjwa wa siliaki, ule wa kinga ya mwili kuuharibu utumbo mtu akila gluteni, hupimwa kwa kingamwili za damu, na mara nyingi kwa kinyama kidogo kinachochukuliwa utumboni, mtu akiwa bado anakula gluteni. Ukiacha ngano mapema, majibu yanaweza kuja safi ilhali ugonjwa upo, na ili kupima upya itabidi urudi kuila wiki kadhaa huku unaumwa. Hiyo ndiyo damu ya kupima. Kwa laktosi kipo kipimo cha pumzi, kinatafuta haidrojeni inayotoka kwenye huo mchachuko. Na ukiona damu chooni au unapungua bila sababu, hayo si mambo ya mlo.

MlaTaratibu
Mama, hilo mimi sikuambiwa. Niliacha ngano bila kupimwa. Ngoja nikaulize.

TumboMoto
Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu. Nimepima siliaki, haipo. Nimeanza na maziwa kwa daftari. Yakigoma, naenda kwa mtaalamu wa lishe kwa hiyo FODMAP. Ila leo nimesoma karatasi ya vidonge vyangu vya presha, nimekuta laktosi imeandikwa. Jaribio limeharibika?

Muuguzi_Mstaafu
Hapana mwanangu. Ni miligramu tu za kujazia kidonge, kwa asiyevumilia laktosi kwa kawaida hazina neno. Meza vidonge vyako.

Daftari_Langu
Iandike tu kwenye daftari.