Mama ana miaka 76, ameanguka, sasa anaogopa hata kutoka uani. Mazoezi gani yanamfaa?

BintiNgamiani

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa wenye wazee nyumbani na watu wa fiziotherapia mliomo humu.

Mama yangu ana miaka 76, naishi naye hapa Tanga. Mwezi uliopita aliteleza akitoka kutia udhu, akaangukia ubavu. Tukamkimbiza hospitali, picha ikaonyesha hakuna mfupa uliovunjika, akapewa dawa za maumivu tukarudi. Maumivu yameisha, kilichobaki ni woga. Anatembea ameshika ukuta, uani hatoki mpaka ashikwe mkono, na swala anaswalia kwenye kiti, wakati kabla ya hapo alikuwa anasujudu na kuinuka mwenyewe. Ana presha na anameza dawa. Sukari hana.

Nyumbani tumegawanyika. Kaka anataka tuweke dada wa kazi amfanyie kila kitu, Mama akae apumzike. Mama mdogo anasema atembezwe kila asubuhi hadi barabarani na kurudi, basi. Mimi nimesikia kuna mazoezi maalumu ya kuzuia wazee wasianguke. Ni yapi hayo? Na hayo mazoezi yenyewe hayawezi kumwangusha? Mambo ya jimu Mama hawezi kukubali.

Mrangi_wa_Kondoa

Pole sana dada, mpe Mama pole zetu. Sisi kwa bibi tulianza na nyumba yenyewe. Kandambili zilizolika soli tukatupa, akanunuliwa viatu vya kufunga nyuma. Zulia la sebuleni lililokuwa linajikunja pembeni tukaliondoa. Bafuni fundi alichimbia bomba la chuma ukutani awe anashika, na usiku taa ya korido haizimwi. Ya mazoezi nawaachia wataalamu, lakini hayo msiyaache.

FizioMtaani

Dada, mfikishie Mama shikamoo yangu. Mimi ni mtu wa fiziotherapia na wazee ndio kazi yangu ya kila siku. Jambo hili linaniuma kuliko mengi, kwa sababu kwa sehemu kubwa linazuilika na bado tunalichukulia kama uzee tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu.

Nianze na kaka. Nia yake ni njema, lakini kumkalisha Mama ni kumwandalia anguko la pili. Mzee asiyeinuka hupoteza nguvu za mapaja haraka mno, na siku atakayoamka usiku kwenda chooni, miguu haitakuwa na cha kumshikilia. Huyo dada wa kazi kama atakuja, awe wa kusimama karibu Mama anapofanya mambo yake. Asimfanyie yeye.

Mama mdogo naye amepatia nusu. Kutembea kunasaidia moyo na presha, lakini kutembea peke yake hakujathibitika kupunguza kuanguka. Kinachopunguza ni mazoezi ya balansi na ya nguvu za miguu. Mwaka 2019 watafiti walikusanya majaribio 108 yenye wazee zaidi ya 23,000 kutoka nchi 25. Kwa jumla mazoezi yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23 hivi. Pale ambapo mazoezi ya aina zaidi ya moja yalichanganywa, mara nyingi balansi pamoja na nguvu, ilifika kama asilimia 34.

Programu ninayoitegemea mimi inaitwa Otago, kwa jina la chuo kikuu cha huko New Zealand ilikotengenezwa miaka ya 1990 na timu ya Profesa John Campbell na Clare Robertson. Naipenda kwa sababu ilitungwa kwa ajili ya nyumbani. Mtaalamu anamfundisha mzee kwake, anamwachia mazoezi yake, anarudi mara chache kumwongezea ugumu. Ni nusu saa hivi, mara tatu kwa wiki, na siku nyingine mbili za kutembea. Jaribio lao la kwanza lilikuwa la akina mama wa miaka 80 na kuendelea, yaani wakubwa kuliko Mama yako. Walipojumlisha majaribio yao manne, kuanguka kulipungua kwa asilimia 35.

Sasa kwa Mama. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kisukume kigusane na ukuta kisirudi nyuma. Akae katikati ya kiti, apishanishe mikono kifuani, asimame wima kabisa kisha akae, mfululizo kwa sekunde 30 huku wewe ukihesabu. Mwanamke wa umri wake akishindwa kufikisha mara 10, miguu ni dhaifu na hatari ya kuanguka ipo. Asipoweza kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, hilo nalo ni jibu.

Na zoezi la kwanza ni hilohilo. Mara nyingi namkuta mzee kaweka miguu mbele sana, anajirusha kuinuka halafu anarudi kiti puu. Mwambie avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, asogee ukingoni mwa kiti, ainamishe kifua mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu. Wakati wa kukaa ashuke polepole, ahesabu moja hadi tatu. Paja linafanya kazi kubwa kwenye huo ushukaji, usimruhusu adondoke. Akianza kwa kushika meza ni sawa, baadaye mkono mmoja, mwisho bila kushika.

Kwa nguvu za miguu unahitaji uzito wa kufunga kwenye kifundo. Usinunue. Shona kifuko kirefu kwa khanga kuukuu, tia mchanga mkavu, kapime kwa mwenye duka. Nusu kilo kila mguu inatosha kuanzia, ili mradi akirudia mara 8 hadi 10 asikie umechoka. Akiwa amekaa anyooshe goti mbele. Akiwa amesimama ameshika nondo za dirisha, akunje goti kurudisha kisigino nyuma, kisha atoe mguu pembeni bila kulaza kiwiliwili. Kisha avue vifuko, anyanyuke kwa vidole na kushuka, halafu asimamie visigino. Siku ya pili apumzike, misuli inahitaji.

Balansi nayo ifanyike hapo dirishani. Asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine, akae hivyo sekunde 10. Atembee kiubavuubavu, akiweza atembee kinyumenyume, na baadaye asimame kwa mguu mmoja. Swali lako la kuanguka akiwa mazoezini ni la msingi. Anaweza, kama ameachwa katikati ya ua hana pa kushika. Kwa hiyo mkono uwe sentimita chache tu kutoka kwenye nondo na wewe uwe pembeni. Lakini zoezi lisilomtikisa hata kidogo halimfundishi mwili kujidaka. Akilizoea, punguza kushika: mkono mzima, kisha vidole viwili, kisha bila.

Kabla ya yote, mpeleke wakampime presha akiwa amelala dakika tano, kisha akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Ile ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari aangalie upya dawa zake. Dawa za usingizi nazo zitajwe kama anatumia, na macho yapimwe, mtoto wa jicho anaangusha wazee wengi.

Kibarani_Mombasa

Fizio ahsante kwa maelezo. Babangu ana miaka 81, ashaanguka mara mbili, lakini ukimtajia mazoezi anakasirika. Asema hayo ni ya vijana, yeye si askari. Tufanyeje?

FizioMtaani

Ndugu, mzee hapendi kuambiwa "utaanguka". Muulize ni kitu gani anakitamani ambacho sasa kinamshinda. Wengi watakwambia kwenda msikitini kwa miguu, au kupanda daladala (nyinyi matatu) bila kushikwa kama mtoto. Mwanzishie zoezi la kitu hichohicho. Anayetaka matatu apande na kushuka ngazi moja ya baraza ameshika mwimo wa mlango. Anayetaka msikiti aanze na kuinuka kitini kila baada ya swala, mara tano tano. Hiyo inamkalia sawa kwa sababu saa inajulikana, hakuna haja ya kumkumbusha. Na mtu wa kumhimiza awe rika lake, akifanya na jirani yake barazani hachoki upesi.

BintiNgamiani

Nimesoma yote, nashukuru sana. Mama nimemsomea pia. Leo jioni ameinuka kitini mara sita, mbili za mwisho ameshika meza. Ameuliza mwenyewe: ataweza kurudi kusujudu chini? Na afanye kwa muda gani ndipo aache?

FizioMtaani

Mara sita ni mwanzo mzuri sana, mwambie Mama hivyo. Kusujudu ni lengo zuri mno, kwa sababu mwenye kuweza kuinuka kutoka chini hata akianguka halali sakafuni saa nzima akisubiri watu. Msiharakishe. Miguu ikipata nguvu, tandika godoro jembamba kando ya kitanda au kiti kizito, mfundishe kwa hatua: akiwa amelala ageuke ubavu, ajisukume kwa kiwiko, aje kwenye mikono na magoti, atambae hadi kwenye kiti, aweke mikono miwili juu yake, alete mguu wenye nguvu mbele unyayo ukanyage chini, asukume. Kushuka ni njia hiyohiyo kinyume. Magoti yakiuma sana aendelee na kiti, swala yake ipo palepale.

Kuacha hakuna. Akiacha, nguvu zinaondoka tena. Mabadiliko ya kuinuka kitini mtayaona ndani ya wiki kadhaa, lakini faida ya kutoanguka inahesabiwa kwa miezi, wale wa Otago walifuatiliwa mwaka mzima. Mkiona sita zimekuwa nyepesi ongeza hadi kumi, pumziko, kumi tena, ndipo muongeze mchanga. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au maumivu mapya kwenye kinena akikanyaga, asimamishe na mrudi hospitali, huko mkiulizia dirisha la wazee. Na mkiwa hapohapo ombeni rufaa ya fiziotherapia, mtu amwone akifanya kwa macho, mimi huku siwezi kuona goti lake linavyoingia ndani.