Mkulima wa Tanzania Bara anastaafu lini?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 ni lazima. Analipwa mkupuo, kisha pensheni ya kila mwezi. Tangu 2018 kelele zetu zote ni za kikotoo, yaani hesabu ya sehemu ya mafao inayolipwa kwa mkupuo: ile 25% iliyositishwa, 33% ya 2022, kisha nyongeza ya 2024. Walimu na manesi nawaunga mkono kabisa. Lakini mkulima wa pamba Bariadi hana mkupuo wa kupigania. Analima mpaka magoti yakatae, halafu anawategemea watoto walioko Mwanza kwenye bodaboda, ambao nao hawachangii mfuko wowote.

Bara tufanye kama Zanzibar. Tangu Aprili 2016, mzee wa miaka 70 kule analipwa pensheni jamii, awe alikuwa karani au mvuvi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa hadi 50,000.

Mchangiaji wa Dodoma: Sensa ya 2022 Zanzibar haikufika watu milioni 2, Bara tunakaribia milioni 60. Hela itoke wapi? Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unapokea waliojiajiri, wajiunge.

Mwanzisha mada: Pensheni ya uzeeni ya NSSF inadai michango ya miezi 180. Anayeshika hela mara moja kwa mwaka, ukame ukimpiga misimu miwili, ataifikishaje? Na msiseme hachangii nchi. Pamba yake inatozwa ushuru wa halmashauri. Mnunuzi ndiye anayeulipa, ila anajua pa kuurudishia: kwenye bei.

Mstaafu, Rungwe: Wanangu, msigawe mjini na kijijini tu. Kuli wa Kariakoo na mama lishe uzee wao ni ule ule wa mkulima. Mimi nilirudi kijijini kwa sababu pensheni yangu isingeweza kodi ya nyumba Dar es Salaam. Huku wenzangu wa rika langu bado wanachuma chai, na ada ya mjukuu ikikwama wanabisha hodi kwangu. Pensheni ya mtu mmoja inabeba nyumba nne.

Kwa hiyo naunga mkono hoja, isipokuwa umri. Miaka 70 ni mbali mno kwa mtu aliyeshika jembe akiwa mtoto. Wekeni 65, hata kama kiasi kitaanza kidogo.