Boriti zimeoza vichwa: oili, pacha, epoksi au zege?

Mjukuu_wa_Malindi
Wakuu, salaam. Nyumba ya marehemu bibi ipo Mji Mkongwe, Unguja. Kuta za mawe na chokaa, ghorofa moja, dari ya boriti za mikoko. Juzi mpangaji wa chini kanipigia, vumbi la chokaa linamdondokea kitandani. Nimekwenda na bisibisi. Boriti sita zilizo chini ya bafu la juu, pale zinapoingia ukutani, bisibisi inazama mpaka kwenye mpini. Hatua moja kutoka ukutani mti ni mgumu kabisa. Njia za mchwa sijaona, mti ni mweusi, umelowa, unanuka uyoga.

Mafundi watatu, majibu matatu: paka oili chafu, kata vichwa ubandike boriti pacha ubavuni, bomoa dari umwage zege. Ndugu yangu aliyeko Uingereza naye ananiambia kuna epoksi, gundi ngumu ya kujazia. Mfuko wangu si mnene. Ipi?

Fundi_Chokaa
Mhamishe mpangaji chumba hicho leo, kisha usome haya mengine. Juu ya boriti kuna mawe ya tumbawe na chokaa. Tangu jumba la Beit al-Ajaib hapo Mji Mkongwe liporomoke upande mmoja Desemba 2020, mtu akiniambia vumbi linadondoka silali. Simamisha mirunda, ubao chini na ubao juu, ukaze kwa kabari.

Halafu nijibu: bafu limepigwa saruji?

Mjukuu_wa_Malindi
Kahama. Ndiyo, saruji na vigae, na ukuta wa nje nao tulipiga plasta ya saruji mwaka 2011. Umejuaje?

Fundi_Chokaa
Vichwa vya boriti vimeniambia. Chokaa hunywa maji na kuyatema. Saruji huyafungia ndani. Maji yakipenya nyuma ya vigae hayana pa kutokea, yanatafuta mti. Na kuvu anayeozesha mti hana kazi kwenye mti mkavu; unyevu ukikaa chini ya asilimia 20 hawezi kuanza. Kwa hiyo fundi yeyote aliyekutajia dawa kabla ya kuuliza maji yanatoka wapi, mshukuru, mpe nauli.

Kibopa_wa_Tandika
Msiidharau oili chafu jamani. Babu zetu walipaka, nyumba zimesimama.

Fundi_Chokaa
Babu zetu gari walikuwa nalo lini, sheikh? Oili haiingii kwenye mti uliolowa, inakaa juu na kuzuia mti usikauke. Chumba kinanuka gereji, na moto ukitokea umeusaidia. Kama ni dawa, afadhali boraksi na asidi ya boriki kwenye maji: hizo hupenya hata mti wenye unyevu. Ila zikinyeshewa zinatoka, kwa hiyo ni za ndani tu. Vaa glavu, watoto wakae mbali.

Bint_Shangani
Nipo Leicester, nimefanyia kazi nyumba za zamani huku. Huku kuna kuvu wa aina mbili wanaoogopwa. Mmoja, Serpula lacrymans, hutambaa hata nyuma ya plasta kutafuta mti mwingine, ila joto la pwani yetu halimfai. Wa kwako, kwa maelezo yako, ni yule anayekaa palepale penye maji. Maji yakikatwa, kazi yake imekwisha. Usikubali kuuziwa dawa ya nyumba nzima.

Epoksi naipenda kwenye fremu ya dirisha. Kwa boriti inayobeba mzigo lazima iende na vyuma vya kuunganishia na hesabu ya mhandisi, na mti uwe mkavu kwanza. Ukijaza juu ya mti mbichi itabanduka. Kwa boriti sita za mikoko utalipa ghali kuliko boriti mpya.

Mhandisi_Mwambao
Zege: watu husema ni zito. La sentimita 15 ni kama kilo 360 kwa mita ya mraba, na dari yako ya mawe nayo si unyoya. Tatizo liko kwingine: utachimba ukuta wa tumbawe pande zote ili zege likalie, na nondo zitakutana na chumvi iliyomo ukutani zishike kutu. Na bila ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe usiguse.

Pacha ni nzuri, lakini jiulize kichwa cha pacha kitaingia wapi. Kwenye ukuta uleule uliolowa! Ukichagua hiyo, acha nafasi ya hewa kando na mwisho wa mti, weka kipande cha nailoni nzito chini yake tu, usikizungushie.

Mimi ningefanya kitu ambacho hakuna fundi aliyekitaja. Boriti zako ni ngumu hatua moja kutoka ukutani. Pitisha mhimili mmoja wa mninga au mvule chini yake, sambamba na ukuta, ukae juu ya nguzo mbili zenye msingi. Zote sita zinakaa hapo, vichwa vibovu unavikata, ukuta unabaki wazi kukauka. Unapoteza sehemu ya chumba, basi. Mtu apime ukubwa wa mhimili, usikisie.

Kibopa_wa_Tandika
Hapo kwenye mhimili nimeelewa. Oili naiacha.

Mjukuu_wa_Malindi
Mrejesho. Vigae vimebanduliwa: kiungo cha bomba kilikuwa kinavuja nyuma yake, sijui tangu lini. Plasta ya nje tunaipara, tutarudishia chokaa. Nimechagua mhimili. Naanza lini?

Fundi_Chokaa
Mirunda ibaki. Mhimili weka hata kesho, ila chokaa ya ukuta usiipige mpaka ukauke, na masika hayo yanakuja. Boriti ya saba umeichoma bisibisi?

Mjukuu_wa_Malindi
Nimetoka kuichoma sasa hivi. Imezama nusu inchi.

Mhandisi_Mwambao
Basi mhimili uvuke mpaka ya nane.