Tupeane uzoefu: safari au ugunduzi uliokuonyesha jinsi uhai ulivyo mgumu kung'oka

Wakuu, salaam. Naanza mimi. Nilifika Hiroshima muda mfupi baada ya kumzika mama, nikiwa sina hamu ya kuongea na mtu. Kwenye bustani ya Shukkeien kuna mti wa ginkgo ulionusurika bomu la atomiki la tarehe 6 Agosti 1945, na hapo hadi lilipolipukia hapafiki hata kilomita 2. Shina lake limeinama. Nikainua macho nikaona majani, yale yenye umbo la kipepeo, mabichi kabisa. Nilikaa pale mpaka muda wa kufunga. Usiku ule nikampigia dada yangu simu, mara ya kwanza tangu msiba.

Nyie wenzangu?

*

Pole sana na msiba, mkuu. Mimi ni baharia. Meli yetu iliwahi kuzimika injini baharini siku sita, na nahodha akatusimulia habari za Endurance, meli ya mvumbuzi Shackleton iliyosagwa na barafu ya Antaktika, kule ncha ya kusini ya dunia, ikazama Novemba 1915. Shackleton alipokwenda na wenzake watano kutafuta msaada, watu 22 walibaki kisiwa cha Elephant, wakiishi chini ya mashua mbili zilizopinduliwa na kula nyama ya sili na pengwini. Kila asubuhi Frank Wild, aliyeachiwa uongozi, aliwahimiza wafunge mizigo, huenda bosi akafika leo. Zaidi ya miezi minne, neno lilelile! Bosi akafika kweli, tarehe 30 Agosti 1916, akawakuta wote 22 wazima.

Kesho yake nasi tukaanza kukunja matandiko alfajiri. Hadi leo sitoki chumbani kabla sijakunja shuka.

*

Mimi sikusafiri, nililazwa miezi mitatu. Nikasoma kwamba mwaka 1977 watafiti walishuka kwa nyambizi Alvin karibu na visiwa vya Galapagos, kama mita 2,500 chini, giza totoro, wakakuta chemchemi za maji moto zimejaa viumbe. Kuna minyoo mirefu kuliko mtu, haina mdomo wala utumbo. Inalishwa na bakteria walio ndani yake, wanaopata nguvu kutokana na kemikali za maji yale. Wakati huo nami nilikuwa nalishwa kwa mpira wa puani. Aya ile niliirudia mara nne.

*

Ndugu yangu, unaendeleaje sasa?

*

Nakula mwenyewe. Juzi nimepanda ngazi bila kushikwa mkono.